Seti ya kunusuru wanakondoo na baridi: tathmini ya mfugaji wa Newala

Duka moja la pembejeo za mifugo mjini Masasi limekuwa likiuza seti ya vifaa vya kunusuru wanakondoo wanaozaliwa wakati wa baridi, iliyoagizwa kutoka nje na kufungwa katika boksi lenye picha ya mwanakondoo aliyevishwa koti la plastiki, amesimama juu ya theluji. Ndani ya boksi mna taa ya joto ya wati 250 pamoja na kofia yake ya bati, kipimajoto cha kidijitali, mpira laini wa kunyweshea unaochomekwa kwenye bomba la sindano la mililita 60, pakiti za unga wa dang'a (maziwa ya kwanza ya mnyama aliyetoka kuzaa), makoti machache ya plastiki na chupa ndogo ya iodini. Bei ya seti nzima inakaribia bei ya kondoo jike mmoja aliyekomaa mnadani. Nimeitumia katika zizi langu la kondoo na mbuzi huku Newala, wakati wa kusi na wakati wa mvua, na ninaandika kwa ajili ya mfugaji wa Mtwara au Lindi anayejiuliza kama inafaa kuuza jike mmoja ili kuinunua.

Wapo watakaocheka wakisikia habari ya baridi inayoua kondoo katika mikoa inayojulikana kwa korosho, ufuta na joto la pwani. Ni kweli kwamba vifaa hivi vilibuniwa kwa ajili ya nchi ambazo baridi yake sisi hatuijui. Machi 2013 dhoruba ya theluji iliyopiga Ireland ya Kaskazini, Wales na kaskazini mwa England iliwafukia kondoo wengi wakiwa hai, katika majira yaleyale ambayo majike wa huko huzaa. Katika majimbo ya Marekani kama Montana na Wyoming jike anaweza kuzaa hewa ikiwa nyuzi nyingi chini ya sifuri, na masikio ya mtoto aliyelowa yakaganda hata baadaye yakanyauka na kukatika. Newala haijapata kuona theluji, wala usiku wake wa Julai haukaribii sifuri.

Hata hivyo, mwanakondoo haangalii kalenda ya Ulaya. Huzaliwa amelowa, akitoka katika tumbo lenye nyuzijoto 39, na maji yanayokauka juu ya ngozi yake huondoka na joto lake. Hata hewa ikiwa na nyuzijoto 25, ambazo mtu mzima huziona kuwa burudani, mwili wake unalazimika kuzalisha joto la ziada ili usipoe. Akiba aliyozaliwa nayo kwa kazi hiyo ni mafuta ya kahawia yaliyo zaidi karibu na figo, takriban asilimia 2 ya uzito wake, ambayo mwili huyachoma bila hata kutetemeka. Baada ya saa chache mafuta hayo huisha, na kuanzia hapo joto lote hutegemea maziwa. Kondoo wetu, ambao wengi wao ni Red Maasai, Blackhead Persian au machotara wao, wana shida nyingine juu ya hiyo: huzaliwa na uzito wa kilo mbili na nusu hivi, wakati wale wa Ulaya huzaliwa na kilo nne au tano, na kadiri mwili unavyokuwa mdogo ndivyo unavyopoteza joto upesi zaidi ukilinganishwa na uzito wake. Kwa hiyo usiku ambao kusi inavuma juu ya Uwanda wa Makonde na ukungu umepanda kutoka bonde la Ruvuma, mtoto aliyezaliwa nje ya banda anaweza kukutwa asubuhi amekakamaa. Mvua ya Februari ikinyesha usiku kucha juu ya banda linalovuja huleta matokeo yaleyale, hata Nachingwea na Kilwa, ambako hakuna anayemiliki sweta.

Katika boksi lote, kitu chenye thamani kubwa kuliko vingine ni kipimajoto, nacho ndicho muuzaji alichokitaja mwisho. Mwanakondoo mzima ana joto la nyuzi 39 hadi 40 linapopimwa kwenye njia ya haja kubwa. Akiwa kati ya nyuzi 37 na 39 amepoa, lakini kwa kawaida hukaushwa, hunyweshwa na kurudishwa kwa mama yake. Akiwa chini ya nyuzi 37 yuko hatarini, na hapo umri wake katika saa ndio unaoamua aanze kupewa nini. Wengi wetu tumezoea kutia kidole mdomoni mwa mtoto ili kusikia kama kumepoa, na kidole hicho kinaweza kukuambia kwamba kuna tatizo, ila hakiwezi kukuambia kama uko kwenye nyuzi 38 au 36, tofauti ambayo ndiyo inayobadilisha matibabu. Kipimajoto cha seti hii kinatoa jibu haraka, kinalia kikimaliza, na namba zake zinaonekana gizani kwa mwanga wa tochi ya simu. Sina lawama juu yake isipokuwa moja: kifuniko cha betri kinahitaji bisibisi ndogo ambayo haimo ndani ya boksi. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa za binadamu kinafanya kazi hiyohiyo, alimradi baada ya hapo kisirudi tena kwenye kabati la watoto wa nyumbani.

Mpira wa kunyweshea unafuatia kwa thamani. Mtoto aliyepoa huwa hana nguvu ya kunyonya, na ukimlazimisha chupa, maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mpira unayafikisha moja kwa moja tumboni. Hupimwa kwanza kwa nje, kutoka mdomoni hadi kwenye ubavu wa mwisho, kisha hupitishwa polepole kwenye kona ya mdomo, juu ya ulimi, ukimwacha mtoto aumeze mwenyewe. Maziwa humiminwa kwenye bomba lililoondolewa kisukumio chake, yakashuka kwa uzito wake. Mpira uliomo ni laini, ncha yake imeviringwa, na urefu wake unatosha hata kwa mtoto wa mbuzi. Baada ya kuchemshiwa maji mara nyingi haujakakamaa. Ila asiyewahi kuutumia asijifunzie usiku wa manane kwa mtoto anayekaribia kufa. Amwombe afisa mifugo wa kata amwonyeshe mchana kwa mtoto mzima. Tena kuna katazo moja lisilo na mjadala: mtoto aliyezimia, asiyeweza kuinua kichwa wala kumeza, hanyweshwi kwa mpira, kwa sababu maziwa yatarudi juu na kumzamisha.

Hapo ndipo nina ugomvi wa kwanza na watengenezaji. Karatasi ya maelekezo inasema mtoto apewe mililita 250 za dang'a mara moja, na chupa ya kuchanganyia ina mstari mwekundu kwenye kipimo hicho. Kanuni inayofuatwa na wataalamu ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito katika mlo wa kwanza, mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa mbili, kisha jumla ya mililita 200 hadi 250 kwa kilo ndani ya saa 24. Mstari mwekundu, basi, ni sahihi kwa mwanakondoo wa kilo tano wa Scotland. Wa kwetu mwenye kilo mbili na nusu anastahili mililita 125 tu, yaani mabomba mawili yaliyojaa na tone la ziada, na anayefuata mstari bila kupima uzito atamjaza mtoto mara mbili ya kiasi chake. Nimeufuta mstari huo kwa msasa na kuchora mwingine kwa wino usiofutika, na ninamshauri kila mnunuzi afanye vivyo hivyo kabla ya kuifungua pakiti ya kwanza.

Kuhusu unga wenyewe wa dang'a, naona ni sehemu ya seti inayouzwa zaidi kwa hofu. Dang'a ni muhimu kupita kiasi: kondo la nyuma la kondoo halipitishi kinga kwa mtoto aliye tumboni, hivyo mwanakondoo huzaliwa bila kinga ya kutoka kwa mama, na utumbo wake huweza kuichukua kinga hiyo kwa muda wa takriban siku moja tu kabla ya kufunga mlango. Unga ulioagizwa kutoka nje unatokana na dang'a ya ng'ombe, ambayo kinga zake zimejengwa dhidi ya magonjwa ya mashamba ya huko. Aidha umekaa juu ya rafu katika joto la Masasi, sijui kwa muda gani kabla yangu, na tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti moja ilikuwa imefutika kiasi cha kutosomeka. Unachanganyika vizuri bila mabonge, na mtoto mmoja pacha ambaye mama yake hakuwa na maziwa upande mmoja wa kiwele aliunywa na kusimama. Lakini mbuzi jirani aliyezaa jana yake angempa kitu bora zaidi, bila gharama. Mfugaji mwenye friji anaweza kukamua dang'a ya ziada ya mbuzi au kondoo mwenye afya, akaigandisha katika chupa ndogo za soda, na ikadumu hadi mwaka mmoja ikiwa haiyeyuki katikati. Ikihitajika, huyeyushwa ndani ya maji ya vuguvugu na kamwe si ndani ya maji yanayochemka, kwa maana moto mkali huharibu kinga. Dang'a ya ng'ombe pia hufaa pale ambapo hakuna nyingine, ingawa ya baadhi ya ng'ombe husababisha upungufu wa damu kwa wanakondoo, na kwa sababu hiyo ni heri kuchanganya ya ng'ombe kadhaa kuliko kutegemea mmoja.

Sasa taa. Ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya bei, ndiyo iliyo kwenye picha kubwa ubavuni mwa boksi, na kijana wa dukani aliniambia kwa uhakika wote, "Mzee wangu, hii ndiyo dawa ya baridi yenyewe, hayo mengine ni nyongeza." Nilimuuliza ining'inizwe umbali gani kutoka chini, akasema nitaona mwenyewe itakavyofaa. Jibu hilo linaweza kuteketeza banda. Balbu ya wati 250 inapaswa kukaa angalau mita moja juu ya matandiko, ikishikwa na mnyororo na si kwa waya wake wa umeme, mahali ambapo jike hawezi kuigonga kwa kichwa. Na mabanda yetu mengi yameezekwa kwa makuti au nyasi, yametandikwa nyasi kavu, na yamejengwa mahali ambapo kusi hupita kama haina kwao. Mnyororo uliomo kwenye boksi ni mfupi na ndoano yake ni ya waya mwembamba, nikaubadilisha siku ileile.

Kuna na hesabu ya umeme. Taa hii ikiwaka usiku na mchana hutumia uniti sita kwa siku, kwa hiyo mteja wa TANESCO aliye katika kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, atakimaliza kikomo chake kwa siku kumi na mbili na nusu kabla hajawasha hata taa ya sebuleni. Mwenye mtambo mdogo wa jua wa nyumbani asijisumbue kabisa, kwa kuwa haukuundwa kwa mzigo huo. Na umeme ukikatika katikati ya usiku, watoto waliozoea kulala chini ya mwanga badala ya kujibanza kwa mama zao ndio wanaotaabika zaidi. Nimeona pia kwamba baadhi ya watoto, wakishapata joto la bure, huacha kumfuata mama, na jike mwenye mtoto wa kwanza huchukua nafasi hiyo kumkataa.

Lililo zito zaidi kuliko gharama ni hili: joto linaweza kuua. Mtoto aliyepita saa tano tangu kuzaliwa, mwenye joto chini ya nyuzi 37 na tumbo tupu, amekwisha kuteketeza sukari yote ya mwilini. Ukimweka chini ya taa kwanza, ubongo wake unaanza kudai sukari ambayo haipo, atapata degedege na kufa akiwa na joto zuri kabisa, na mwenye mifugo atabaki akisema baridi ilimshinda. Watafiti wa Taasisi ya Moredun huko Scotland ndio walioliweka wazi jambo hilo na kuleta tiba yake: mtoto wa namna hiyo hukaushwa, hupigwa sindano ya glukosi ya asilimia 20 ndani ya uwazi wa tumbo, mililita 10 kwa kila kilo, ikiwa na joto la mwili, kisha ndipo hupashwa joto, na akishapata fahamu na kuinua kichwa hunyweshwa dang'a. Kwa mtoto wetu wa kilo mbili na nusu hiyo ni mililita 25, ambazo mtaalamu huweza kuzipata kwa kuchanganya mililita 10 za glukosi ya asilimia 50 na mililita 15 za maji safi yaliyochemshwa. Sindano hiyo ni kazi ya mtaalamu wa mifugo au ya mfugaji aliyefundishwa naye, kwa kuwa ikichomwa mahali pasipo pake inatoboa kisichopaswa kutobolewa. Seti hii haina glukosi, na onyo kuhusu kupasha joto mtoto mwenye njaa limewekwa nyuma ya karatasi ya maelekezo, kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza peke yake. Kuuza taa mbele na onyo nyuma ni kasoro ambayo siwezi kuisamehe, na hata kama kila kitu kingine ndani ya boksi kingekuwa kamili, hii ingeishusha daraja.

Kinachofanya kazi ya taa katika mazingira yetu ni vitu vilivyopo nyumbani. Gunia kuukuu la korosho, likiwa kavu, humkausha mtoto kwa kumsugua vizuri kuliko taulo, na kusugua huko humwamsha. Boksi la katoni lenye chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwa kanga humpasha bila kumchoma na bila umeme, huku kipimajoto kikimwambia mfugaji lini atoe chupa. Kinachokatazwa ni kuingiza jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, maana hewa yake huua mtoto wa kondoo na mchungaji wake pamoja. Taa niliyonunua sasa inalea vifaranga, na kwa kazi hiyo, chini ya paa la bati na kwa wiki chache, sina ubishi nayo.

Makoti ya plastiki hayahitaji maneno mengi. Ni makubwa kwa watoto wetu, yanazuia harufu ambayo mama humtambulia mwanawe, na jua likishapanda saa nne asubuhi mtoto anatokota ndani yake. Iodini ni nzuri, ina nguvu inayotakiwa kwa kitovu kibichi, na ningependa chupa ingekuwa kubwa mara tatu.

Kuhusu huduma ya duka, nimepokelewa kwa heshima, nikapewa risiti bila kuiomba, na balbu iliyokuja imepasuka ilibadilishwa pasipo maswali. Muuzaji alikataa kwanza kufungua boksi na kuuza kitu kimoja kimoja. Baada ya mazungumzo na mwenye duka, ambaye ni mama mtu mzima anayeijua mifugo kuliko kijana wake, nilielezwa kwamba mpira wa kunyweshea na bomba lake huweza kuagizwa peke yake, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo sana ya bei ya seti, na kwamba wateja wake wengi wa vitu hivyo ni wafugaji wa kutoka pande za Nachingwea na Liwale. Sikushangaa. Lindi ilipokea wafugaji wengi waliohamishwa kutoka bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, na watu hao wanalijua suala la kuzaliana kwa kondoo kabla ya boksi lolote kufika nchini. Mzee mmoja wa Kimasai niliyemkuta hapo dukani aliigeuza geuza ile taa mikononi, akaniuliza kwa nini nisimfunge dume kipande cha ngozi chini ya tumbo, kama wanavyofanya kwao, ili asipande majike katika miezi isiyofaa. Mimba ya kondoo ni miezi mitano; dume akizuiwa Agosti na Septemba, hakuna atakayezaliwa katikati ya mvua ya Januari na Februari, na akizuiwa Januari na Februari, hakuna wa kupigwa na kusi ya Juni na Julai. Kipande hicho cha ngozi hakihitaji betri.

Hesabu hiyo ya mzee inafanya kazi kwa mwenye dume wake. Kwa sisi ambao majike wetu huchunga pamoja na ya majirani, watoto wataendelea kuja usiku wowote wanaoutaka, hivyo vifaa bado vinahitajika. Seti nzima naipa nyota mbili kati ya tano. Kipimajoto na mpira, vikinunuliwa peke yake, navipa tano. Fedha inayobaki baada ya kuacha boksi dukani inunuliwe pumba za mahindi kwa ajili ya majike wenye mimba katika wiki sita za mwisho, kipindi ambacho takriban asilimia 70 ya ukuaji wa mtoto hufanyika, kwa kuwa jike aliyeshiba huzaa mtoto mzito na huwa na dang'a ya kutosha kwenye kiwele. Kisha salio liende kwenye mabati au mabua ya kuziba upande wa kusini wa banda. Anayetaka mpira aagize mapema, kabla ya minada ya korosho kuanza Oktoba, kwa sababu baada ya hapo magari ya mizigo kati ya Masasi na Mtwara huwa na shughuli nyingine, na mwenye duka alinikiri kwamba mzigo wake wa mwaka uliopita ulifika mvua zikiwa zimekwisha kuanza.